Mlango Mmoja, Watu Sita: Afya ya Mwanafunzi Katika Bweni la Suiti

Kijana wa Afrika Mashariki anayepata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu cha Marekani hupokea, pamoja na barua ya kukubaliwa, fomu ya malazi. Katika fomu hiyo mara nyingi hukuta neno ambalo wazazi wake wamelizoea kwenye hoteli za kifahari tu: suiti. Wengine hulikwepa wakidhani ni anasa isiyolingana na mfuko wao. Wengine hulichagua haraka wakiamini kuwa bafu lisilotumiwa na watu wengi huleta afya njema. Makundi yote mawili yana sehemu tu ya ukweli.

Suiti ya bweni ni fungu la vyumba viwili au vitatu vya kulala, aghalabu kila kimoja na vitanda viwili, vilivyopangwa kuzunguka sebule ndogo na bafu moja. Vyote hukaa nyuma ya mlango mmoja unaotokea kwenye ngazi au korido. Wanaoishi humo ni watu wanne hadi sita. Mpangaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayeijua nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba pande mbili na choo uani, ataielewa tofauti upesi. Bweni la mtindo wa zamani ni nyumba hiyo iliyorefushwa mpaka ikapata vyumba zaidi ya kumi na tano na bafu moja la wote. Suiti ni chumba na sebule waliyopangishwa watu sita ambao hawajawahi kuonana.

Mlango huo mmoja unastahili kujadiliwa na watu wa afya, kwa sababu ndio unaoamua mwanafunzi atasikia kelele za nani, atafuata nani chooni, atavuta hewa iliyotoka katika kifua cha nani, na nani atagundua kwamba leo hajaamka.

Msongamano si suala la mita za mraba

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vyuo vikuu vya Marekani vilifurika wanafunzi, na mabweni yakajengwa kwa haraka. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Stony Brook zilikuwepo aina zote mbili za mabweni kwa wakati mmoja, nao wanasaikolojia Andrew Baum na Stuart Valins wakaona kwamba hapo palikuwa na nafasi adimu ya kulinganisha. Upande mmoja walikuwepo wanafunzi wapatao 34 wanaogawana korido, bafu na ukumbi mmoja wa kupumzikia. Upande mwingine walikuwepo wanafunzi wanne hadi sita kwa kila suiti. Nafasi aliyopata kila mwanafunzi ilikuwa karibu sawa katika mabweni hayo mawili.

Kama msongamano ungekuwa suala la mita za mraba peke yake, wanafunzi wa pande zote mbili wangejihisi vilevile. Haikuwa hivyo. Katika kazi yao iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1977, Baum na Valins walieleza kuwa wanafunzi wa korido ndefu walijihisi wamebanwa zaidi na walichoshwa na kukutana na watu wasiowataka katika saa wasizozichagua. Tabia hiyo waliondoka nayo hata nje ya bweni. Walipoketishwa katika chumba cha kusubiri pamoja na mtu wasiyemfahamu, walikaa mbali naye zaidi na kumtazama usoni mara chache kuliko wenzao wa suiti.

Jambo lililowaelemea lilikuwa kukosa mamlaka juu ya makutano yao ya kila siku. Mtu anayekwenda kuoga akijua atawakuta wawili kati ya watano anaowafahamu huenda akiwa ametulia. Anayekwenda bila kujua kama atamkuta mmoja au kumi kati ya thelathini na tatu huwa macho muda wote, na mwili ulio macho muda wote huchoka. Kukosa utulivu wa namna hii ni sehemu ya kile ambacho wahudumu wa afya hukiita msongo wa mawazo, na dalili zake huletwa kliniki kwa majina mengine: kukosa usingizi, kuumwa kichwa, tumbo kujaa, kushindwa kusoma.

Ushahidi wa pili ulifuata mwaka 1980, pale Baum na mwenzake Glenn Davis walipochapisha matokeo ya jaribio la kubadilisha jengo lenyewe. Korido ndefu yenye wanafunzi wapatao 40 iligawanywa katikati kwa milango, na vyumba vichache vya kulala vikageuzwa kuwa sebule. Korido moja ikawa makundi mawili ya watu wapatao 20. Wanafunzi wa korido iliyogawanywa walijihisi hawajasongamana sana na wana uwezo zaidi wa kuyatawala maisha yao ya bwenini, wakilinganishwa na wale walioachwa katika korido ndefu. Bweni jipya halikujengwa. Iliwekwa milango tu, na idadi ya watu ambao kila mmoja alilazimika kuwazoea ikapungua.

Kaya isiyo na mkuu wa kaya

Hata hivyo, kundi dogo lina tabia zake. Watu sita wanaogawana sebule, friji na bafu wamekwisha kuwa kaya, wapende wasipende. Tofauti yao na kaya ya nyumbani ni kwamba hakuna mama, shangazi wala kaka mkubwa wa kusema nani asafishe choo leo. Katika bweni la korido kazi hiyo hufanywa na wafanyakazi wa usafi wa chuo. Katika suiti nyingi huachiwa wakazi wenyewe, na chuo hukagua mara chache tu.

Matokeo yake huonekana waziwazi wakati wa ugonjwa wa kuhara na kutapika, hasa ule unaoletwa na virusi vya noro. Virusi hivi huhitaji chembe chache sana kumwambukiza mtu, hukaa kwenye koki na kitasa cha mlango, na huendelea kutoka katika kinyesi kwa siku kadhaa baada ya mgonjwa kujiona amepona. Dawa ya kupaka mikononi yenye alikoholi, ambayo wanafunzi wengi huitegemea, haiviui vizuri. Kinachofaa ni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kusafisha choo na sinki kwa maji ya klorini, na mgonjwa kutowapikia wenzake mpaka zipite angalau siku mbili tangu dalili zikome. Endapo suiti ina vyoo viwili, kimoja kiachwe kwa mgonjwa. Kikiwa kimoja tu, kisafishwe kila baada ya mgonjwa kukitumia katika siku hizo za mwanzo.

Zamu ya usafi iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni tangu wiki ya kwanza ni kinga ya maradhi, na pia ni kinga ya ugomvi. Ugomvi wa suiti hauna pa kukimbilia, kwa kuwa mtu aliyekosana na mwenzake katika korido ya watu 34 anao wengine 32 wa kuzungumza nao, lakini aliyekosana na wawili kati ya watano amepoteza karibu nusu ya kaya yake.

Hewa inayogawanywa

Katika majira ya baridi kaskazini mwa Marekani madirisha hufungwa kwa miezi kadhaa. Joto hubaki ndani, na pumzi za watu hubaki ndani pia. Mwaka 2018 watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa mabweni mawili huko College Park, Maryland, kwa miezi minne. Bweni moja lilikuwa na mitambo inayoingiza hewa safi ya nje katika kila chumba. Jingine lilitegemea hewa inayojipenyeza yenyewe kupitia nyufa za madirisha na milango. Wanafunzi walioonyesha dalili za mafua walipimwa maabara, na watu wa karibu nao wakapimwa pia.

Katika bweni lenye hewa safi alipatikana mgonjwa 1 wa maambukizi ya njia ya hewa. Katika bweni jingine walipatikana 47. Msomaji makini atauliza waliofuatiliwa walikuwa wangapi, na ni haki yake kuuliza, maana bweni la kwanza lilikuwa na washiriki 11 tu na la pili 109. Siku walizofuatiliwa zikijumlishwa, la kwanza lina siku 522 na la pili siku 6,069. Hesabu hiyo inatoa takriban wagonjwa 2 kwa kila siku 1,000 za ufuatiliaji dhidi ya takriban 8. Kundi la kwanza ni dogo mno kuweza kuthibitisha jambo peke yake, lakini matokeo hayo yanakwenda sambamba na yale ambayo madaktari wa kifua kikuu wamekuwa wakiyasema kwa miaka mingi: hewa inayobadilishwa hupunguza maambukizi.

Kwa mkazi wa suiti somo ni jepesi. Mlango wa sebule unaofungwa hutenganisha suiti na korido, lakini ndani ya suiti hewa ni moja. Mmoja akiwa na mafua, wote watano wanaivuta hewa ya mgonjwa. Kufungua dirisha kidogo hata wakati wa baridi, kuwasha feni ya bafuni inayotoa hewa nje, na mgonjwa kuvaa barakoa anapokaa sebuleni ni hatua zisizo na gharama kubwa. Chanjo ya homa ya mafua hutolewa kila mwaka, na katika vyuo vingi hupatikana katika kliniki ya chuo chenyewe.

Ugonjwa unaohesabiwa kwa saa

Maradhi mengi ya bwenini hupona yenyewe. Upo ugonjwa mmoja ambao haumsubiri mtu. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria wa meningokoka huweza kumuua kijana mwenye afya njema ndani ya siku moja tangu dalili ya kwanza. Hata wanapotibiwa kwa dawa sahihi, wagonjwa 10 hadi 15 kati ya kila 100 hufariki, na baadhi ya wanaopona hubaki viziwi, hukatwa viungo au hupata madhara ya ubongo.

Bakteria hao huishi kooni kwa watu wazima wengi bila kuwadhuru. Huhama kwa mate na kwa kukaribiana kwa muda mrefu, yaani kwa mambo yaleyale yanayofanywa na vijana wanaoishi pamoja. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha jinsi wanavyoenea haraka vyuoni. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliokutwa na bakteria kooni walikuwa asilimia 6.9 siku ya kwanza ya wiki ya ufunguzi, na asilimia 23.1 siku ya nne. Huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi bwenini waliugua kwa kiwango cha 5.1 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati kiwango cha wanafunzi wote wa shahada ya kwanza kwa jumla kilikuwa 0.7. Ugonjwa ni adimu, lakini uzito wake umewaangukia zaidi wageni wa bwenini.

Hapo ndipo suiti inapokuwa na sura mbili. Ikiwa mgonjwa amepatikana, suiti humrahisishia mhudumu wa afya kazi, kwa kuwa watu wa karibu wanajulikana kwa majina. Wote walioishi naye katika siku saba kabla ya dalili kuanza hupewa dawa ya kuwakinga upesi iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24: dozi moja ya siprofloksasini, au sindano moja ya seftriaksoni, au rifampisini kwa siku mbili, kadiri daktari atakavyoamua. Lakini ikiwa mgonjwa bado hajapatikana, mlango ule ule humficha. Mwanafunzi anayejisikia vibaya jioni huingia chumbani, hufunga mlango na kulala. Wenzake hudhani amechoka kwa kukesha. Hakuna jirani anayepita koridoni akamsikia akigumia.

Kwa sababu hiyo kila mkazi wa suiti anapaswa kuzijua dalili: homa, kichwa kuuma kuliko kawaida, shingo kukakamaa, kutapika, kuumizwa na mwanga, mikono na miguu kuwa baridi, kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida. Madoa mekundu au ya zambarau ambayo hayafifii yanapokandamizwa kwa glasi ni dalili ya hatari kubwa. Katika ngozi nyeusi madoa hayo hutafutwa viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Kukosekana kwa madoa hakumaanishi usalama. Mwenzao anayelala na homa aamshwe kila baada ya saa chache na kuulizwa swali linalohitaji jibu. Asipojibu sawasawa, apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama aliomba aachwe alale.

Kinga ya kweli ni chanjo. Chanjo ya kawaida inayotakiwa na vyuo vingi vya Marekani hukinga dhidi ya makundi A, C, W na Y. Kundi B lina chanjo yake ya peke yake, na umuhimu wake ulionekana mwaka 2013 pale mlipuko wa kundi hilo ulipotokea katika Chuo Kikuu cha Princeton, mpaka mamlaka zikaruhusu kutumika kwa chanjo iliyokuwa haijasajiliwa bado nchini humo. Mwanafunzi anayesafiri aulize kuhusu chanjo zote mbili kabla ya kuondoka, na kadi yake ya chanjo aibebe mkononi pamoja na pasipoti, asiitie kwenye sanduku la mizigo.

Utulivu uliopita kiasi

Kuna hatari nyingine isiyo na homa. Usanifu uleule unaompunguzia mwanafunzi makutano asiyoyataka humpunguzia pia yale ambayo angeyahitaji bila kujua. Katika korido, mtu aliyejifungia siku tatu huonekana, kwa sababu hajakutwa bafuni wala kwenye foleni ya maji ya moto. Mlezi wa ghorofa, ambaye kwa kawaida ni mwanafunzi mwenzao aliyepewa jukumu hilo na chuo, hupita mbele ya mlango wake. Katika suiti mlezi huishia kwenye mlango wa nje. Wanaoweza kuona ni wale watano tu, na kila mmoja anaweza kudhani kwamba mwingine ameshauliza.

Kwa mwanafunzi aliyetoka mbali mambo huwa magumu zaidi. Amezoea nyumba ambayo mlango uliofungwa mchana huleta swali: kulikoni? Ghafla anajikuta mahali ambapo mlango uliofungwa unaheshimiwa. Heshima hiyo ni nzuri, ila kwa mtu mwenye sonona inaweza kufanana na kusahauliwa. Dalili za kutazamwa ni kuacha kwenda darasani, kuacha kuoga, kulala mchana kutwa au kutolala kabisa, kugawa vitu vyake vya thamani, na maneno ya kukata tamaa. Anayeziona amuulize mwenzake waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Nchini Marekani namba 988 hupokea simu na ujumbe mfupi saa zote kwa ajili ya watu walio katika hali hiyo, na vyuo vingi vina washauri nasaha wao.

Swali la kuulizwa kliniki

Mabweni mengi ya Afrika Mashariki hayajajengwa kwa mtindo wa suiti, na kuyajenga upya si jambo la karibuni. Hata hivyo jaribio la mwaka 1980 linaonyesha kuwa kinachohitajika kwanza ni kupunguza idadi ya watu ambao mwanafunzi analazimika kukabiliana nao kila anapotoka chumbani. Korido inaweza kugawanywa kwa mlango. Vyoo vinaweza kugawiwa kwa vyumba maalumu badala ya kuachwa viwe vya kila mtu, maana choo cha wote aghalabu huishia kuwa choo kisicho na mwenyewe. Chumba kimoja katika kila ghorofa kinaweza kuachwa kiwe sebule. Mipango ya malazi inayohesabu vitanda peke yake huiacha nje hesabu hii, nayo ndiyo inayomgusa mwanafunzi kila siku.

Kwa upande wa mhudumu wa afya, badiliko ni dogo zaidi, nalo linaweza kuanza leo. Mwanafunzi anapokuja na homa, kikohozi, kuhara au kukosa usingizi, fomu humuuliza anaishi wapi, naye hutaja jina la bweni. Aulizwe pia: unalala na nani, mnagawana choo watu wangapi, dirisha lenu hufunguka, na usipoamka kesho asubuhi nani atajua? Majibu ya maswali matatu ya kwanza humwonyesha daktari njia ya maambukizi. La nne linaonyesha kama mgonjwa huyu anaweza kurudishwa bwenini usiku huu, au alazwe.

Wakazi wa suiti nao wana makubaliano machache ya kufikia mapema, kabla mazoea hayajajiweka yenyewe: zamu ya choo, dirisha la usiku, namba ya simu ya mzazi au ndugu wa kila mmoja ikiwa imeandikwa mahali panapojulikana na wote, na ruhusa ya kugonga mlango. Hili la mwisho lisemwe kwa maneno, kwa sababu katika siku ambayo litahitajika mwenye chumba huenda asiweze kulisema. Mkazi ambaye mwenzake hajatoka chumbani tangu jana agonge, na asipojibiwa afungue.